Kama damu ndiyo mwamuzi, Zola aliwashtaki majenerali kwa lipi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha fasihi kidato cha sita. Juzi nilikuwa naeleza unaturalisti: kwamba kwa mwandishi Mfaransa Émile Zola, mtu ni mateka wa damu aliyoirithi na mazingira yaliyomlea. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Sasa Madam, si ndiye huyohuyo aliyeandika ile barua ya gazetini, J'accuse, akawashtaki majenerali? Kama mtu hana hiari, unamshtaki kwa lipi?" Darasa likacheka, kengele ikaniokoa. Nimjibu nini? Na je, naweza kuwaambia kwamba Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi, nayo ni ya kinaturalisti?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kengele haikukuokoa, imekupa siku chache za kujipanga. Swali la kijana huyo si la mzaha. Wahakiki wa Paris walimbana Zola kwa swali la namna hiyo miaka mingi kabla ya J'accuse: kama wahusika wako wanasukumwa tu na damu, unatusimulia habari zao ili iweje?

Kasoro iko kwenye sentensi tunayoandika ubaoni, na mimi nimeiandika kwa miaka mingi. "Mtu ni mateka wa urithi na mazingira" ni tangazo la unaturalisti. Aliyelibandika ukutani ni Zola mwenyewe. Kazi iliyokuwa ikifanyika nyuma ya tangazo ilikuwa nyingine, na ndiyo iliyomfikisha mbele ya majenerali.

Kwetu mjadala huu una mvi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, tunasema, tukimaanisha damu. Kisha mdomo huohuo unasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tukimaanisha malezi. Tunachomoa hii au ile kulingana na ugomvi wa siku hiyo. Zola, kijana wa miaka ishirini na ushei, alizikuta kauli hizo mbili zimevaa koti la maabara. Mhakiki Hippolyte Taine alikuwa ameandika kwamba uovu na wema ni mazao tu, kama vitrioli (asidi kali) na sukari. Daktari Prosper Lucas alikuwa ameandika kirefu juu ya namna tabia zinavyorithiwa. Mwaka 1865 mtafiti wa tiba Claude Bernard akatoa kitabu chake cha utangulizi wa tiba ya majaribio. Katika hewa hiyo Zola akatoa riwaya ya Thérèse Raquin mwaka 1867: mke na hawara wake wanamzamisha mume mtoni, kisha hofu inawatafuna kama maradhi ya neva. Mwandishi mmoja wa gazeti akaiita fasihi iliyooza. Zola akajibu kwa dibaji ya toleo la pili: kwamba amewafanyia watu wawili walio hai uchunguzi ambao madaktari huwafanyia maiti.

Umeona alivyojibu? Hakuomba radhi, aliongeza sauti. Hapo lazima ujue alikotoka. Alizaliwa Paris tarehe 2 Aprili 1840, baba yake mhandisi kutoka Venice, akakulia Aix-en-Provence ambako rafiki yake wa shule alikuwa Paul Cézanne, mchoraji wa baadaye. Baba alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka saba, familia ikabaki na kesi na madeni. Mtihani wa kumaliza sekondari aliufeli mara mbili. Mwaka 1862 akapata kazi kwa wachapishaji Hachette, akianzia kufunga vifurushi vya vitabu, akapanda hadi kuwa mkuu wa matangazo. Huko alijifunza kwamba kitabu kisichopigiwa debe hufia rafuni. Mwandishi Edmond de Goncourt ameandika katika shajara yake kwamba mwaka 1877 Zola alikiri mbele ya waandishi wenzake kuwa neno unaturalisti analicheka kama wao wanavyolicheka, ila ataendelea kulirudia, kwa sababu vitu vinahitaji kubatizwa ili umma uamini ni vipya. Wasomee wanafunzi habari hiyo kabla ya kuwapa fasili yoyote.

Tangazo kubwa kuliko yote ni ule mfululizo wa riwaya 20, Les Rougon-Macquart, uliotoka kati ya 1871 na 1893: historia ya kimaumbile na ya kijamii ya familia moja wakati wa utawala wa Napoléon III. Bibi mmoja mwenye maradhi ya akili, Adélaïde Fouque, anazaa kwa mume halali na kwa hawara mlevi, na damu yake inasambaa: huku wanasiasa na matajiri, huku madobi, wachimbaji na makahaba. Zola alichora hadi mti wa ukoo, akauchapisha mwaka 1878. Lakini hebu mkamate hapa. Katika L'Assommoir, ya mwaka 1877, dobi Gervaise ana wana wawili, Claude na Étienne, na binti, Nana. Claude akawa mchoraji katika riwaya yake, Nana akapata ya kwake, Étienne akaongoza mgomo wa wachimbaji. Ilipofika 1890 Zola akahitaji muuaji wa kurithi kwa ajili ya riwaya ya reli, na wana wote walikuwa wameshapangiwa kazi. Basi akamzalia Gervaise mtoto wa tatu wa kiume, Jacques, ambaye hakuwamo kabisa kwenye L'Assommoir. Ni sayansi gani ya urithi inayoongeza mtoto miaka 13 baada ya mama kufa kitabuni? Huyu ni mtunzi anayetafuta mhusika, na mimi simlaumu.

Sasa tuje kwenye hiari, ambako ndiko kijana alikokubana.

Katika insha yake ya mwaka 1880, Le Roman expérimental, Zola anasema waziwazi kwamba yeye na wenzake si waumini wa majaaliwa. Wao wanaamini kila jambo lina masharti yake. Tofauti hiyo aliichukua kwa Claude Bernard na ndiyo kiini cha jibu lako. Chukua malaria. Zamani mtu akiugua tulisema ni kudra. Alipojulikana mbu, homa ikaacha kuwa kudra, ikawa dimbwi nyuma ya nyumba. Mgonjwa akishaumwa na mbu mwenye vimelea hana hiari ya kusema leo sitetemeki. Lakini yupo mwenye kiwanja, na iko halmashauri, na hao wanaweza kulifukia dimbwi. Kwa hiyo mwambie kijana: Zola hamshtaki anayetetemeka, anamtafuta mwenye dimbwi. (Insha yenyewe ina tundu kubwa, usiifiche darasani. Bernard alipomchanja chura, chura ndiye aliyetoa matokeo. Zola anapomweka Gervaise kilabuni, anayetoa matokeo ni Zola.)

Ukitaka kuona dimbwi linavyotafutwa, acha insha, fungua riwaya. Katika L'Assommoir Gervaise na mumewe Coupeau wanaishi mtaa wa Goutte-d'Or, Paris. Coupeau ni fundi wa kuezeka mapaa kwa bati, hagusi pombe kali, na wameweka akiba ili Gervaise afungue udobi wake. Jioni moja binti yao mdogo anamwita kutoka chini, "Baba, niangalie", naye anainama kumtazama, anaanguka kutoka juu ya paa. Damu ipo kwenye hadithi: baba yake Coupeau naye alianguka kutoka paani akiwa amelewa. Ila kinachofuata ni hesabu tupu. Gervaise anakataa mumewe asipelekwe hospitali, anamuuguza nyumbani, akiba inayeyuka kwa daktari na dawa. Duka anakuja kulifungua kwa mkopo wa faranga 500 kutoka kwa jirani mhunzi. Coupeau anakaa miezi bila kazi, anazoea kukaa, na anayezoea kukaa anazoea kilabu. Hakuna fidia ya ajali, hakuna bima, na pembeni ya barabara mtambo wa shaba unapika pombe kali mchana na usiku. Zola alisoma vitabu vya madaktari juu ya ulevi na kitabu cha mwenye karakana mmoja kuhusu lugha na tabia za mafundi, akaiandika riwaya kwa lugha ya mtaani. Ilipoanza kutoka kwa mfululizo gazetini mwaka 1876, gazeti lililokuwa likiichapisha lilikatisha njiani, ikamaliziwa kwenye jarida jingine. Wahafidhina walisema ni matusi, wa mrengo wa kushoto wakasema anawadhalilisha wafanyakazi. Kitabu kikauzwa vibaya sana, kwa maana yetu nzuri ya neno hilo, na mwaka 1878 akanunua nyumba Médan, kando ya mto Seine.

Germinal, riwaya yenye ule mgomo wa Étienne, ndiyo ningekushauri ufundishe, walau sura chache. Mwishoni mwa Februari 1884 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, walikuwa wamegoma. Zola akapanda treni, akiongozana na mbunge Alfred Giard, akakaa huko siku kadhaa. Akaingia kwenye nyumba za kampuni, akauliza bei za vitu, akakaa vilabuni, akashuka shimoni. Maelezo yake yamehifadhiwa, na ukiyasoma unaona mtu anayeandika upana wa ujia, joto la mwamba, jinsi mchimbaji anavyolala ubavu akipiga sululu. Wanawake walikuwa wameshakatazwa kufanya kazi chini kwa sheria ya mwaka 1874, lakini riwaya aliipanga katika miaka ya 1860, ndiyo maana Catherine, msichana wa miaka 15, anasukuma mabehewa gizani.

Tazama kinachoanzisha mgomo ndani ya kitabu. Kampuni inasema mashimo hayaegemezwi vizuri kwa magogo, wachimbaji wanaripua kazi hiyo, paa litawaangukia. Ni kweli, wanairipua, kwa sababu hawalipwi kwa kuegemeza, wanalipwa kwa makaa. Basi kampuni inatangaza kwamba kuanzia sasa kuegemeza kutalipwa peke yake, na kwa hiyo bei ya behewa moja la makaa inashuka kutoka senti 50 hadi 40. Kwenye karatasi ni hatua ya usalama. Mchimbaji akipiga hesabu anaona amekatwa mshahara. Mwandishi asiyekwenda Anzin angeandika tu kwamba "matajiri waliwanyonya wafanyakazi", na sisi tungetikisa kichwa na kusahau.

Halafu kuna familia ya Grégoire. Babu yao wa zamani alinunua hisa ya kampuni, na wao wanaishi kwa faida yake bila kuinua hata jembe. Siyo watu wabaya. Mke wa mchimbaji Maheu anakuja na watoto wawili kuomba faranga tano, nyumbani hakuna kitu. Wanawapa nguo za joto na kipande cha mkate mtamu. Pesa hapana, maana kanuni yao ni kutotoa pesa, maskini wasije wakanywa pombe. Kila nikiisoma sehemu hiyo nasikia sauti ninazozijua. Zola hamtukani mtu yeyote pale. Anakuachia mkate mkononi.

Na Bonnemort, babu wa familia ya Maheu, anayekohoa na kutema kohozi jeusi ingawa hajashuka shimoni kwa miaka mitano. Anasema ni makaa, anayo ya kutosha mwilini kumpasha joto hadi mwisho wa maisha yake. Hiyo ndiyo "damu" ya kweli ya kitabu: familia imeitumikia kampuni kwa miaka 106, na wanachorithishana ni vumbi. Kuna pia farasi mweupe Bataille, ana miaka kumi chini ya ardhi. Siku farasi mwingine, Trompette, anaposhushwa amefungwa ndani ya wavu, Bataille anamsogelea, anamnusa, anapata kwake harufu ya hewa ya juu. Ukurasa huo unatosha kufundishia mazingira bila nadharia hata moja. Kinyume chake, kila Zola anapokumbuka kutuambia kwamba Étienne amerithi wazimu wa kuua akinywa pombe, utaona kiraka. Vipande hivyo ni vichache, na ukivitoa riwaya inasimama vilevile.

Kuhusu kundi lake, usiwachoshe wanafunzi. Waandishi vijana walikuwa wakikutana kwake Médan, na mwaka 1880 wakatoa pamoja mkusanyiko wa hadithi sita za vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, Les Soirées de Médan: Zola, Maupassant, Huysmans, Céard, Hennique na Alexis. Hadithi ya Maupassant, Boule de suif, iliwameza wengine wote, Zola akiwemo. Mwaka 1884 Huysmans akachepuka na riwaya yake À rebours. Agosti 1887 waandishi vijana watano wakachapisha katika Le Figaro tamko la kumkana kwa sababu ya uchafu wa riwaya yake La Terre. Mwandishi wa habari Jules Huret alipowahoji watu wa fasihi mwaka 1891 kama unaturalisti umekufa, Alexis alijibu kwa simu ya maandishi: haujafa, barua inafuata. Huko Uingereza mchapishaji wake, Henry Vizetelly, mzee na mgonjwa, alifungwa jela miezi mitatu mwaka 1889 kwa kuuza tafsiri zake.

Sasa J'accuse. Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi, alihukumiwa Desemba 1894 kwa usaliti, akapelekwa Kisiwa cha Shetani. Mwandiko uliomtia hatiani ulikuwa wa ofisa mwingine, Esterhazy, na jeshi lilipojua likaficha. Tarehe 11 Januari 1898 mahakama ya kijeshi ikamwachia huru Esterhazy. Siku mbili baadaye barua ya Zola kwa Rais Félix Faure ikatoka kwenye gazeti L'Aurore, nakala takriban 300,000. Mwishoni anawataja mmoja mmoja, kila sentensi ikianza "namshtaki": mawaziri wa vita, majenerali, wataalamu watatu wa miandiko. Kisha anataja hadi vifungu vya sheria ya magazeti ya mwaka 1881 ambavyo yeye mwenyewe atashtakiwa navyo, maana alitaka kesi ifunguliwe mahali pa hadhara. Mahakamani, Februari, kila wakili alipogusa kesi ya Dreyfus hakimu alisema swali hilo halitaulizwa. Zola akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya faranga 3,000, na Julai akakimbilia Uingereza.

Isome barua hiyo ukitoka kwenye Germinal. Nani alijua nini, siku gani, karatasi ilipita mikono ya nani. Ni faili lilelile la Anzin. Wala hasemi kwamba majenerali wamezaliwa waovu. Anaeleza mazingira: kiburi cha jeshi, chuki dhidi ya Wayahudi iliyochochewa na magazeti, woga wa kukiri kosa lililokwisha kutiwa sahihi. Halafu anawashtaki, kwa sababu hao walikuwa na karatasi mkononi na uwezo wa kuitoa. Tena barua ina kosa, na kosa lenyewe ni la mtunzi wa riwaya: mzigo mkubwa alimbebesha Meja du Paty de Clam, akamchora kama mtu anayeishi ndani ya hadithi za magazetini, zenye barua zisizo na jina na wanawake wa siri. Mghushi halisi wa nyaraka, ofisa mwenzake Henry, hakumwona.

Kuna kosa jingine linalotuhusu zaidi sisi wa bara hili. Mwaka 1899 alitoa Fécondité, riwaya ya kuwahimiza Wafaransa wazae kwa wingi. Mwishoni mjukuu mmoja anarudi kutoka mto Niger na kuwasimulia ndugu zake juu ya ardhi isiyo na mwisho inayowangoja waijaze. Watu waliokuwa wakiishi kando ya mto huo wamegeuzwa mandhari. Zola hakuwahi kukanyaga huko. Yule aliyeshuka shimoni kuhesabu senti kumi za behewa, hapa aliandika akiwa mezani, na inaonekana.

Rosa Mistika: mwambie mwanafunzi atakayesema ina harufu ya unaturalisti kwamba pua yake ni nzima. Zakaria, baba mlevi, ukali wa nyumbani, shule, kisha anguko la Rosa: sababu zimepangwa hatua kwa hatua, na kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa kosa ambalo Zola alilijua vizuri. Lakini Kezilahabi anawafikisha baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu baada ya kifo. Zola asingefungua mlango huo. Faili lake huishia kaburini.

Na kijana wako akiuliza tena, maana atauliza, mpe La Bête humaine, riwaya ile ya reli. Jacques, dereva wa treni, ndiye muuaji wa damu hasa: anamuua Séverine bila sababu yoyote anayoijua. Hakuna anayemshuku. Hakimu mpelelezi, bwana mwenye akili na mantiki safi, anamkamata Cabuche, mkata mawe asiye na hatia, pamoja na mume wa Séverine. Mume anakiri ukweli wote kuhusu mauaji mengine aliyoyafanya mwanzoni mwa kitabu, na hakimu haamini, kwa kuwa ukweli hauingii kwenye nadharia yake. Wote wawili wanahukumiwa kazi ngumu maisha. Ofisa mkuu wa wizara ya sheria ana barua ya kuthibitisha ukweli, tangu mwanzo alikuwa nayo, lakini ukweli huo ungeipaka serikali tope. Anaishika juu ya mshumaa mpaka inaungua. Kitabu kilitoka mwaka 1890, miaka minne kabla Dreyfus hajakamatwa. Waulize darasa: katika watu hawa wote, nani alikuwa na hiari?